Mzigo wa Kila Jumamosi

Medali ya mwaka jana niliitupa chooni. Siyo choo cha kuvuta maji, bali kile cha shimo, cha zamani, nyuma ya nyumba yangu Visiga, ili nisije nikashawishika kuifuata. Mke wangu alisimama kwenye mlango wa jikoni akaniuliza kama nimerukwa na akili. Nikamwambia ndiyo, nimerukwa, na aniache.

Mtu hapewi medali kwa kubebwa! Marathoni yetu ile inaanzia Kibaha, inakuja Visiga, inageuka, inashika barabara ya Morogoro mpaka Kiluvya, halafu inaingia njia ya vumbi na kumalizia juu Kisarawe. Nyuma ya wakimbiaji wote linatembea gari la kuokota waliochoka, pikapu moja nyeupe, na sheria yake ni nyepesi: likikupita, umetoka mbioni, unapanda. Mwaka jana lilinipita kwenye kilima cha mwisho, mahali ambapo tayari nilikuwa nausikia muziki wa uwanjani. Nikapandishwa nyuma, katikati ya katoni za maji na mama mmoja aliyeteguka mguu.

Tukaingizwa uwanjani hivyo hivyo. Mshereheshaji akapaza sauti: "Na hawa ndio wazee wetu waliothubutu, makofi kwao!" Watu wakapiga makofi. Mgeni rasmi akanyoosha mkono, akanivika medali nikiwa bado nimekaa kwenye bodi la pikapu, na mpiga picha akapiga. Jumatatu picha ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la ofisini kwetu Dar. Mimi mtu mzima, nimelea watoto, nimejenga, nimezika wazazi wangu wote wawili, sijawahi kubebwa na mtu. Wakaniandikia "Hongera sana mzee wetu" na vile vimikono vya kupiga makofi. Nilitamani kuitupa na simu.

Basi mwaka huu nikajipanga. Mwezi wa tatu nusu marathoni ya Dar. Mwezi wa sita majaribio ya masafa marefu, peke yangu. Mwezi wa nane, jua likiwa limepoa kidogo, marathoni ile ile, gari lile lile, kilima kile kile. Programu ya mazoezi niliitoa kwenye mtandao, nikaichapisha ofisini na kuibandika kwenye mlango wa friji, mke wangu akalazimika kuhamisha kalenda ya kanisa. Daktari wa mifupa alikuwa ameshaitazama picha ya goti langu la kulia na kusema gegedu limelika. Mbio fupi fupi, ruksa. Hiyo ndefu, kama lazima, niikimbie mwaka huu, na baada ya hapo asinisikie tena na habari za marathoni. Kwa hiyo ilikuwa ni mara hii au basi, na mimi nilitaka kitu kimoja tu: kuvuka ule mstari kwa miguu yangu.

Katika yote niliyoyaandika kwenye karatasi ile, bibi wa kilimani hakuwemo.

Jumamosi zilikuwa siku za masafa marefu. Nilikuwa napanda bodaboda mpaka Kiluvya, naanzia hapo kukimbia ile njia ya vumbi hadi Kisarawe, ili miguu ikizoee kile kilima kilichoniaibisha. Jumamosi ya kwanza nilifika chini ya kilima ulimi nje. Kando ya njia, palipo nyumba ya udongo yenye bati jipya, alikuwa amekaa bibi kizee anamenya muhogo. Nikamwamkia, nikaomba maji.

"Marahaba, baba. Unakimbizwa na nani?"

"Sikimbizwi, Bibi. Mazoezi."

"Mmh. Na kwenu wapi?"

Hapo ndipo nilipojimaliza. Ningesema Moshi, ningesema Mbeya, ningesema hata Kigoma. Nikasema Tabora.

Bibi akadondosha kisu, akapiga kofi moja kubwa. "Mnyamwezi! Mtani wangu huyu! Sasa Mnyamwezi gani anapita kwangu kichwa kitupu? Mzigo wako uko wapi?"

Kwa asiyejua: Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wanateremka pwani na mizigo vichwani. Mtani anaweza kukutukana, kukuchukulia kitu chako, kukuzibia njia, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umeshindwa, na unatozwa kuku. Mila nzuri sana kwa watu wapole. Mimi sikuumbwa mpole. Mimi nagombana na redio.

Kabla sijamaliza maji, alishanitwisha kapu la muhogo. Binti yake alikuwa na genge juu, karibu na uwanja, na bodaboda, alisema, zinamsumbua kwa bei. "Si unapanda huko huko? Au Wanyamwezi wa siku hizi mmekuwa wa kukaa kwenye viti?" Nikajaribu kueleza habari za kasi, mapigo ya moyo, programu. Akanisikiliza vizuri kabisa, akaongeza nazi mbili juu ya muhogo.

Nikapanda na kapu kichwani, na vile viatu vyangu vya mbio vya rangi ya machungwa, huku watoto wanacheka na wanawake wanaochota maji wanapiga vigelegele. Saa yangu ya mkononi ikaniandikia kwamba kasi yangu imeshuka, je, nimeacha mazoezi? Nilitukana saa. Ningemtukana nani mwingine?

Na ndivyo ilivyokuwa kila Jumamosi. Nikibadilisha muda, nilimkuta. Nikipita upande wa pili wa njia, alikuwa amesimama upande huo huo na fagio mkononi. Muhogo, nazi, mkungu wa ndizi, siku moja kuku watatu hai waliofungwa miguu. Nami sikukaa kimya, msinione bwege. Nilimwambia Wazaramo hawana wanachojua ila ngoma, wanauza shamba zima ili wamtoe mwali mmoja, halafu wanakaa barazani kushangaa Wanyamwezi wamejenga hapo lilipokuwa shamba. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Sema yote, mtani, lakini bebaaa!"

Mke wangu, Mpare, watu wa taratibu zao, alisema jambo hili ni rahisi tu: nipite njia nyingine. Njia nyingine ipi? Kilima ni hicho. Na huwezi kumkimbia mtani, atakutangaza wilaya nzima. Halafu, tuseme kweli, ni yeye aliyekuwa ananipa maji.

Mwezi wa sita ndipo nilipochemka. Siku hiyo ilikuwa ya yale majaribio makubwa, goti linauma tangu Kiluvya, naangalia saa, naona kwa mara ya kwanza kwamba nikienda hivi hivi, lile gari halitanipata. Nafika chini ya kilima, bibi yuko katikati ya njia na dumu la mafuta ya nazi.

"Leo hapana, Bibi."

"Leo ndiyo. Linasubiriwa na mteja."

"Nimesema hapana! Unajua kwa nini nakimbia wewe? Unajua? Mwaka jana nilibebwa! Kwenye kilima hiki hiki, nilibebwa na gari kama gunia la mkaa, watu wanapiga makofi! Mwaka huu ni wa mwisho, daktari kakataa, goti limekwisha, na wewe kila wiki unanirudisha nyuma na mihogo yako!"

Nilitegemea aone aibu. Badala yake alinitazama kidogo, mdomo ukaanza kumcheza, akaangua kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwa mtu wa umri wake. Alikaa chini kabisa, kwenye vumbi. "Kabebwa! Jamani njooni! Mnyamwezi kabebwa! Mpagazi kabebwa yeye!" Wanawake wakatoka majumbani. Alikuwa anafuta machozi kwa upindo wa khanga. "Babu zako, baba, babu zako wakisikia huko waliko!"

Sikuaga. Sikuchukua dumu. Nilipanda kile kilima kwa hasira tupu, kasi ambayo hata saa haikuiamini, na nilipofika juu sikwenda hata gengeni. Nilijiapiza kwamba yule bibi na mimi basi. Kuku wake nitamlipa, nitamtumia kwa bodaboda, lakini uso wangu hauoni tena. Jumamosi zilizofuata nilikimbia kwetu, Visiga hadi Mbwawa na kurudi, kwenye tambarare, bila maji ya mtu. Nilikimbia vibaya. Mke wangu akaniuliza mbona siku hizi Jumamosi narudi mkavu, sina hata harufu ya muhogo. Nikamwambia ale chakula chake.

Siku ya marathoni tuliambiwa tuwe tumesimama kwenye mstari saa kumi na mbili asubuhi. Tukasimama. Tumejipasha, tumekwenda haja, tumepiga dua na sala. Saa moja, tumesimama. Mgeni rasmi hajafika. Saa moja na nusu, mshereheshaji anatuchezesha muziki, eti tusipoe. Watu wanakaa chini, wanakula ndizi walizopaswa kula njiani. Jua linapanda. Saa mbili na kitu ndipo msafara unaingia, magari meupe, na hotuba. Hotuba! Kuhusu umuhimu wa kutunza muda katika kuleta maendeleo! Wallahi sisingizii. Nilikuwa nimesimama pale nimevaa kaptula, nahesabu dakika.

Halafu likaja kubwa zaidi. Mwandaaji mmoja akachukua kipaza sauti akatutangazia kwamba barabara itafunguliwa saa ile ile iliyopangwa mwanzo, kibali ndivyo kinavyosema, hivyo gari la kuokota litaondoka na kutembea kwa ratiba ile ile. Yaani saa mbili walizokula wao, tuzilipe sisi kwa miguu. Nikapiga kelele nikiwa kwenye umati: "Huu ni wizi!" Vijana walionizunguka wakacheka, wao wana miguu. Bunduki ikalia.

Sitaki kusimulia kilomita zote, zinajulikana. Visiga mke wangu alikuwa kando ya barabara na chupa ya maji ya chumvi na ndimu, akanipa, nikanywa huku nakimbia. Mkuza nilikuwa sawa. Kiluvya, nilipoacha lami, jua lilikuwa utosini na vumbi linawaka. Waliokuwa pamoja nami wakaanza kukaa mmoja mmoja chini ya mikorosho. Goti lilianza kuongea. Na nilipokaribia kilima, nikasikia nyuma yangu mlio ninaoujua hata usingizini, dizeli ya pikapu inayotembea gia ya kwanza.

"Mzee!" Sauti ya kipaza sauti. "Mzee wa viatu vya machungwa! Umejitahidi sana! Panda tu sasa mzee, muda umekwisha!"

Sikugeuka. Nilianza kulia, nasema ukweli, nalia huku nakimbia, kama kukimbia ndiko kule. Mtu anayetembea angenipita. Nikaiona nyumba ya udongo yenye bati jipya. Barazani hapakuwa na mtu. Hata yeye, nikasema moyoni, hata yeye leo hayupo kuniona, afadhali, na papo hapo nikaumia kwamba hayupo. Nikapita. Nikaanza kilima. Honi ikalia, nikajua ndiyo hivyo, linataka kunipita.

Honi ikaendelea kulia, lakini haikusogea.

Nikageuka. Pale njia inapobanwa, ukuta wa udongo kushoto, korongo kulia, katikati kabisa, bibi alikuwa ameweka mbuzi yake ya kukunia nazi, ameikalia, sinia chini, anakuna nazi. Pikapu ilikuwa imesimama mbele yake, bampa linakaribia kumgusa magoti. Yeye anakuna. Hakuitazama pikapu, na mimi hakunitazama.

Yaliyotokea pale alinisimulia dereva mwenyewe baadaye. Alishuka, akamsihi: "Shikamoo mama, tunaomba utupishe, tuko kazini." Bibi akaitikia marahaba, akamwambia na yeye yuko kazini. Dereva akasema atapata matatizo. Bibi akainua kichwa, akaisikiliza ile sauti, akamuuliza: "Kwenu wapi, baba?"

"Nzega."

Masikini. Nzega ni Tabora hiyo hiyo. Na yeye kajimaliza.

"Haa! Wawili kwa siku moja!" Akasimama, akamshika mkono, akamkalisha yeye kwenye mbuzi, akamtia nusu ya nazi mkononi. Dereva wa watu, na fulana yake ya waandaaji, amekaa katikati ya njia anakuna nazi, na hana ruhusa ya kukasirika. Mwenzake aliyekuwa na kipaza sauti, wa Kilwa huyo, hakuwa na utani na mtu, lakini alikuwa anacheka kiasi kwamba alishindwa kuendesha. Bibi aliwaambia hivi, na hili nililisikia mwenyewe, maana alilipigia kelele lifike juu kilimani: "Mnyamwezi habebwi! Semeni huko kwenu! Mnyamwezi anabeba, habebwi!"

Nikapanda. Sijui nilipandaje. Njia ya kwenda gengeni niliijua kwa kisigino, kila jiwe, kila mfereji, mahali pa kuhama kushoto ili kapu lisigonge tawi la mkorosho. Nilikuwa nahama kushoto hata siku ile, na kichwani sina kitu. Binti yake bibi aliniona napita gengeni, akatoka anapiga sufuria kwa mwiko.

Uwanjani walikuwa wanakunja. Lile geti la upepo la kumalizia lilikuwa linatolewa hewa, limelala upande mmoja. Mgeni rasmi alishaondoka, yeye kwa kuondoka ana haraka. Mshereheshaji anakula pilau. Nikavuka mstari kwa miguu yangu, na hapakuwa na kofi hata moja, wala picha. Nikamfuata dada wa medali.

"Zimeisha, mzee. Pole."

"Zimeisha?"

"Si wengine walipewa mbili mbili, wale waliokuja na mgeni rasmi."

Mwaka jana nimekuja nimekaa, nikavikwa. Mwaka huu nimekuja nimesimama, zimeisha! Niliwaambia maneno pale ambayo siwezi kuyaandika, mke wangu anasoma haya. Nikamwambia na mshereheshaji pilau limpalie. Halafu, badala ya kutafuta usafiri wa kurudi Kibaha, nikageuka na kuteremka kilima, nachechemea, kwa sababu hasira yangu ilikuwa bado nyingi na nilijua pa kuipeleka.

Pikapu ilikuwa imeegeshwa pembeni. Dereva, mwenzake na wale waliookotwa walikuwa barazani wanakunywa chai. Bibi alikuwa anamenya muhogo.

"Wewe bibi una akili?" Hata shikamoo sikutoa. "Unakaa mbele ya gari? Breki zikikatika? Ningekuzika mimi? Ningewaambia nini wanao, kwamba umekufa kwa ajili ya mbio?"

"Nani kakwambia nilikaa kwa ajili yako? Mie nilikuwa nakuna nazi. Njia yenyewe ya babu yangu." Akaendelea kumenya. "Umefika?"

"Nimefika."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu, Bibi."

"Haya." Akachukua muhogo mwingine. "Na umekasirika. Wote wamesikia. Kuku wangu wawili sasa, na yule wa mwezi wa sita."

Kisha akanionyesha kwa kisu. Kwenye kona ya baraza palikuwa na kapu, limefunikwa majani ya mgomba, limefungwa vizuri kwa kamba, na juu yake kata mpya ya kitambaa, ya kuwekea kichwani. Majani yalikuwa yameshaanza kunyauka. Alilifunga tangu asubuhi, kabla hajajua kama nitapita.

Dereva aliniangalia goti, lilivyovimba. Akainuka kwa upole kabisa, mtu mwema yule, akashika mpini wa kapu. "Niachie, mzee. Tunapanda huko huko, nitalitupia nyuma ya gari."

"Usiguse!" nilimfokea, mpaka kuku wakatawanyika.

Nikampokonya. Nikaiweka kata, nikajitwisha, nikaanza kupanda kilima mguu mmoja mmoja, na bibi ananifuata kwa matusi kutoka barazani, kwamba niende taratibu, nisikurupuke kama Wanyamwezi wenzangu, ndani kuna mayai.